Kinachopepesa ndicho kinachoandika

Mhariri,

Herufi j ndiyo iliyonikalisha kitako niandike barua hii, na habari yenyewe ni ya ile alama ya kwenye skrini ya kompyuta inayoonyesha mahali utakapoandika.

Mwezi uliopita, baada ya Alasiri, akina mama watatu walinijia nyumbani kwangu Langoni, hapa Lamu, wakiwa na karatasi tisa zilizochapishwa. Zilikuwa hesabu za chama chao cha akiba. Kila Ijumaa kila mwanachama hutoa shilingi 200, na kijana wa mmoja wao ndiye anayeziingiza kwenye kompyuta. Siku ya mgao walikuwa wakisomeana majina. Wakafika kwa mama mmoja auzaye mahamri, na katika safu ya akiba ya mwaka jana, palipostahili kuwa na 10,400, hapakuwa na tarakimu hata moja. Palikuwa na j. Herufi moja ndogo, imekaa peke yake kwenye kisanduku chake.

Mama huyo kusoma anasoma kwa shida, lakini tarakimu anazijua vyema, na zake hakuziona. Alikuwa ametoa Ijumaa 52 bila kukosa. Aliuliza ile alama ni ya nini, kama ni alama ya mtu aliyeondolewa chamani, na hakuna aliyeweza kumjibu. Alilia mbele ya wenzake, akavaa buibui lake akaondoka. Wiki mbili nzima hakukanyaga mkutanoni.

Na jumla ya chini ya safu ile ilikuwa imepungua kwa shilingi 10,400 kamili, bila programu kusema neno lolote. Ndivyo ilivyo. Katika Excel, programu ya majedwali anayoitumia kijana, fomula ya kujumlisha iitwayo SUM ikikuta herufi mahali pa tarakimu, huiruka na kuendelea. Hailalamiki, haipaki rangi nyekundu. Karatasi inatoka kwenye printa safi, imepangika, na ndani yake jasho la mtu limetoweka.

Alhamdulillahi, kitabu cha risiti kilikuwapo, na fedha zenyewe zilikuwapo. Lakini maneno yalikwisha kuanza kupita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwamba kijana amekula pesa za akina mama. Ndiyo maana nataka niseme waziwazi: kijana yule si mwizi, wala si mzembe. Nilimwita, nikamkalisha, nikamwuliza j ile ilitoka wapi. Hakuficha. (Kasa anayoitaja ni ile alama ya kwenye skrini inayoonyesha mahali herufi itakapoandikwa.)

"Mwalimu, kasa ikinipotea hubonyeza herufi yoyote nione itatokea wapi. Kisha naifuta."

"Nani aliyekufundisha hivyo?"

"Tulivyokuwa tukifanya sote darasani."

Kijana ana cheti. Miezi mitatu alilipiwa karo na mama yake akajifunza kubadilisha fonti, kupaka rangi vichwa vya habari, kuingiza picha, hata kutengeneza kadi za harusi. Katika miezi hiyo mitatu hakuna aliyemwonyesha namna ya kujua, kabla hajaandika, kwamba anachotaka kuandika kitaangukia wapi. Hilo ndilo lililonichoma, Mhariri, na ndilo ninalolililia katika barua hii.

Na kwa nini iwe j? Ninayefundisha kupiga taipu nilijua papo hapo. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia hupumzika juu ya j. Kitufe hicho kina kijinundu, na mwenzake ni f upande wa kushoto, ili mtu azipapase safu za kati bila kutazama. Mtu akihangaika, kidole kilichokaribu ndicho kinachobonyeza. Tangu siku ile nimekuwa nikitazama karatasi zinazobandikwa ukutani hapa mjini, matangazo ya mikutano na orodha za majina, na j hizi ninaziona. Moja imeingia katikati ya jina la marehemu kwenye tangazo la hitima. Zamani ningedhani ni kosa la kidole tu. Sasa najua ni mtu aliyekuwa akijitafuta.

Mimi nilijifunza kazi hii Mombasa mwaka 1981, kwenye taipureta nzito ya chuma. Kwenye taipureta mtu hapotei. Nyundo zote hupiga mahali pamoja, katikati ya mashine, na karatasi ndiyo inayosogea. Ukitaka kujua herufi ijayo itaangukia wapi, unatazama pale pale siku zote. Kulikuwa na rula yenye namba, herufi za kawaida zikiingia kumi kwa inchi na zile ndogo kumi na mbili, na kwenda chini mistari sita kwa inchi. Mwalimu wetu akisema "anza 15, ishia 75", darasa zima liliweka pambizo bila swali. Ukikaribia mwisho wa mstari kengele inalia. Tulikuwa tukiandika huku tumetazama karatasi tunayonakili, na bado kila mmoja wetu alijua alipo, kwa sababu masikio yalikuwa yakimwambia.

Mwaka 1992 ofisi niliyokuwa nikiifanyia kazi ilileta kompyuta yenye WordPerfect 5.1, programu ya kuandikia. Skrini ilikuwa ya buluu, tupu kabisa, ila chini kulia palikuwa na maneno machache: Doc 1 Pg 1 Ln 1" Pos 1". Waraka wa kwanza, ukurasa wa kwanza, inchi moja kutoka juu, inchi moja kutoka kushoto. Kila ukigusa kitufe, namba zile zinasogea nawe. Ukisahau kwamba umewasha herufi kubwa, neno Pos lenyewe linageuka POS. Nilizoea kutupia jicho pale chini kama nilivyozoea kusikiliza kengele, na sikuona kwamba nimepoteza kitu kwa kuiacha taipureta.

Word nayo, programu ya kuandikia inayotumiwa na wengi leo, mpaka toleo la mwaka 2003, ilikuwa ikionyesha chini ya dirisha ukurasa, mstari na herufi ya ngapi bila kuombwa. Toleo la 2007 lilipokuja na sura yake mpya, namba ya mstari na ya herufi ziliondolewa machoni. Zikabaki za ukurasa na hesabu ya maneno. Wengi waliojifunza baada ya hapo hawajui kama kuna kitu walichonyimwa. Bado zimo. Peleka kishale cha kipanya kwenye mstari ule wa chini kabisa wa dirisha, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, na orodha ndefu itafunguka. Weka alama kwenye Line Number na Column, na ukitaka kujua uko umbali gani kutoka juu ya karatasi, weka pia Vertical Page Position. Kuanzia hapo utasoma kwa mfano Line: 14 Column: 32, maana yake mstari wa 14 wa ukurasa huo, herufi ya 32 kutoka mwanzo wa mstari. Ni kazi ya nusu dakika, na ukishaifanya inabaki. Kila kompyuta ninayokaa mbele yake, hata ya watu, huomba ruhusa niwashe namba hizo kabla ya kuanza kazi.

Sasa nije kwenye neno lenyewe, kwa maana naamini nusu ya tatizo imo ndani ya neno.

Waingereza wanakiita cursor, neno la Kilatini lenye maana ya mkimbiaji. Wanafunzi wangu wanasema kasa. Sisi wa visiwani kasa ni yule apandaye ufukweni usiku kutaga mayai, na ninapomwambia mtoto wa hapa "tafuta kasa yako" naona anavyojitahidi kuyatenganisha mawili hayo kichwani. Vitabu vingine vinasema kielekezi, vingine kishale. Sigombani na neno lolote kati ya hayo. Ninachogombana nacho ni neno moja kubebeshwa vitu viwili, na hata Kiingereza cha watu wengi kina kasoro hiyo hiyo.

Kwenye skrini vitu ni viwili. Kuna kinachofuata mkono wako juu ya kipanya. Hicho ni kidole cha kuonyeshea tu. Na kuna kijiti kilichosimama wima kinachopepesa; hicho ndicho ncha ya kalamu. Unaweza kuzungusha kidole skrini nzima, usipobofya, kalamu haitikisiki. Mwanafunzi anapeleka kidole kwenye aya ya tatu, haoni haja ya kubofya kwa sababu "kasa iko pale", anaandika, na maneno yanatokea kwenye aya ya kwanza. Anasema kompyuta ni mbovu. Kompyuta si mbovu. Aliambiwa vitu viwili ni kimoja. Na kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba kishale kikipita juu ya maandishi hujigeuza umbo, kikawa kama herufi I kubwa, kikafanana mno na kile kijiti. Kwenye jedwali hujigeuza msalaba mnene mweupe. Kwa hiyo umbo haliwezi kukusaidia. Kinachokusaidia ni kupepesa, na huko kupepesa hakukuja kwa bahati: Charles Kiesling, mhandisi wa kampuni ya Sperry Rand ya Marekani, aliomba hataza ya kijiti kinachopepesa mwaka 1967, ili jicho likitambue katikati ya herufi zilizotulia.

Mwaka juzi nilikuwa na mwanafunzi kutoka Matondoni, ambako mafundi bado wanaunda majahazi. Siku ya kwanza alikitazama kijiti kile akasema, "Mwalimu, huu ni mlingoti." Darasa likalichukua neno, nami nikalichukua. Sasa kwangu kishale ni kile cha kipanya, na mlingoti ni kile kinachopepesa. Tangu tulipoanza kusema hivyo sihitaji tena kueleza mara tatu. Mlingoti hauhami kwa sababu wewe umegeuza uso kutazama upande mwingine wa bahari. Mtoto wa Lamu haelezwi hilo.

Maana hicho ndicho kinachotokea kwa gurudumu la kipanya, na hapa ningependa msomaji atulie nami kidogo. Ukizungusha gurudumu, kurasa zinapanda na kushuka, lakini mlingoti unabaki ulikouacha. Macho yako yamekwisha fika Faza, kule kisiwa cha Pate, mkono wako bado uko Mkunguni, hapa mjini Lamu. Ukiandika herufi moja, inaandikwa Mkunguni. Kwenye taipureta jicho na nyundo havikuweza kuachana. Kwenye kompyuta huachana kila dakika, na hakuna kengele. Katika barua ya ukurasa mmoja hasara yake ni ndogo. Katika jedwali la Excel, lenye mistari 1,048,576 na safu 16,384, mtu anaweza kuwa mbali na kalamu yake kuliko anavyoweza kuhisi.

Nilimwomba kijana wa chama anionyeshe hatua kwa hatua alivyofanya. Fremu yake, yaani ule mpaka mnene unaozunguka kisanduku kilicho wazi kwa kuandikwa, ilikuwa D14, kwenye 10,400 za mama wa mahamri. Alizungusha gurudumu kushuka hadi mstari wa 60 kutafuta jina jingine. Fremu haikuonekana tena. Akabonyeza j. Skrini ikaruka kurudi mstari wa 14, kwa kuwa ukianza kuandika Excel hukurudisha ulipo. Akasema "aa, kumbe niko huku", akashuka tena, akabofya kisanduku alichokitaka mstari wa 60, akaendelea na kazi yake huku macho yamo kwenye daftari la risiti. Hakujua mambo mawili. Kwamba herufi ya kwanza unayoiandika juu ya kisanduku chenye kitu hufuta chote kilichokuwamo bila kukuuliza. Na kwamba kubofya kwingine ni sawa na kusema ndiyo: programu ilichukua j ile kuwa ndilo jibu lake la mwisho. Angebonyeza Esc kabla ya kubofya, 10,400 zingerudi. Angebonyeza Ctrl na Z jioni ile, zingerudi. Alihifadhi, akafunga faili, na ukishafunga faili kumbukumbu ya kutendua imekwenda.

Herufi moja, vidole viwili visivyojua, na mama wa watu akalala na uchungu wiki mbili.

Ziko njia za kujiuliza ulipo bila kuandika chochote. Kwenye jedwali, tazama juu kushoto, ubavuni mwa mahali panapoandikwa fomula. Kuna kijisanduku kidogo chenye anwani ya fremu: D14, F60. Kipo katika Excel, kipo katika Calc ya LibreOffice. Namba ya mstari na herufi ya safu pembeni nazo hubadilika rangi zikikuonyesha. Ukitaka kurudishwa kwenye fremu bila kugusa yaliyomo, shika Ctrl ubonyeze Backspace. Skrini inarudi, na hakuna kitu kinachofutika. Wengi huogopa kitufe hicho kwa sababu kazi yake nyingine ni kufuta, kwa hiyo mwonyesheni mwanafunzi kwenye jedwali la mazoezi mpaka aamini. Na ukitaka kwenda mahali, usihangaike na gurudumu: andika F60 ndani ya kijisanduku kile, bonyeza Enter, umefika, na fremu imefika nawe.

Kwenye maandishi ya kawaida, bonyeza mshale wa kibodi wa kwenda kulia, kisha wa kushoto. Basi. Ukurasa unarudi ulipo mlingoti, na mlingoti unabaki pale pale ulipokuwa. Hii hufanya kazi karibu katika kila programu ninayoijua. Ila kama kuna maneno yamepakwa rangi ya kuteuliwa, mshale utauondoa uteuzi, na afadhali uondoke: mtu anayejitafuta kwa kubonyeza j huku ukurasa mzima umeteuliwa anabaki na j, ukurasa umekwenda. Na katika Word kuna Shift na F5, inayokurudisha mahali ulipohariri mara ya mwisho, ukibonyeza tena inakupeleka palipotangulia. Ukiwa na waraka wa kurasa arubaini umeitwa mlangoni ukarudi, utaishukuru.

Kuna mzee mmoja alikuja kuandikiwa maelezo ya mipaka ya shamba lake upande wa bara. Sikuwapo. Aliandikiwa na msichana mzuri, mwepesi wa vidole, kwenye laptopu. Kiganja chake kilipumzika juu ya kile kibao cha kugusa kilicho chini ya kibodi, mlingoti ukaruka mistari sita juu bila yeye kuona, na "mnazi mkubwa upande wa kusini" ikaingia katikati ya jina la jirani. Mzee alitia kidole gumba bila kujua. Alirudishwa ofisi moja mara mbili, kila safari nauli ya boti kwenda Mokowe na kurudi, na mguu wake mmoja ni mgonjwa. Kibao kile kinaweza kupunguziwa wepesi wake kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya Touchpad; na kama una kipanya, kibao kizime kabisa. Lakini kuliko yote, mwandishi asikodolee vidole vyake. Atazame kinachopepesa.

Mwanafunzi ambaye hajawahi kupotea hata siku moja mbele yangu ni kijana asiyeona. Alikuja na NVDA kwenye kompyuta yake, programu inayomsomea skrini kwa sauti. Hutolewa bure, na aliyeanza kuitengeneza mwaka 2006 ni Michael Curran wa Australia, kisha James Teh akaungana naye, wenyewe pia hawaoni. Kila akibonyeza mshale kwenye jedwali, sauti inamtajia yaliyomo kwenye kisanduku, kisha anwani yake. Elfu kumi na mia nne, D kumi na nne. Elfu tisa, D kumi na tano. Nilipokuwa nikiwaeleza wenzake kwa mara ya tano habari ya kijisanduku cha juu kushoto, aliuliza kwa mshangao wa kweli, "Kwani nyinyi hamwambiwi mlipo?" Darasa lilinyamaza. Nami nilinyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kwa maneno manne nilichokuwa nikikitafuta kwa miaka.

Tangu siku ile tunatumia njia yake. Anayeingiza tarakimu anataja anwani kwa sauti kabla ya kuandika.

Kwa watu wa rika langu kuna jambo la macho pia. Nimepasuliwa mtoto wa jicho, jicho la kulia, na kwa miezi kadhaa kabla ya hapo mlingoti ule mwembamba ulikuwa haupo kwangu kabisa. Windows za tangu mwaka 2020 zina ukurasa unaoitwa Text cursor ndani ya mipangilio ya watu wenye mahitaji ya kuona na kusikia. Hapo unaweza kuunenepesha mlingoti ukawa mnene kama kidole, na kuuwekea alama ya rangi juu na chini. Mimi nimeweka ya zambarau. Na kishale kikipotea, kwenye mipangilio ya kipanya kuna mahali pa kuweka alama ili ukigusa Ctrl peke yake duara lijichore kukizunguka. Nimewawekea wazee watatu, na mmoja, karani wa zamani wa bandarini, aliyekuwa ameacha kabisa kuandika, ameanza tena kuwaandikia wajukuu wake walioko Malindi.

Kuna jambo moja dogo, lakini limewatesa wengi kwa hiyo nilitaje: ukibonyeza mishale kwenye jedwali na jedwali zima likatembea badala ya fremu, na ile anwani ya juu kushoto haibadiliki, Scroll Lock imewashwa. Laptopu nyingi hazina kitufe hicho; fungua kibodi ya kwenye skrini ukizime hapo. Hakuna haja ya kuipeleka kompyuta kwa fundi. Najua waliolipa.

Ninaomba mambo mawili, Mhariri, na ninayaomba kwa moyo wote.

Kwa wenye vyuo vya kompyuta na saiberi za pwani yetu: siku ya kwanza, kabla ya fonti, kabla ya rangi, kabla ya kadi ya harusi, mwanafunzi afundishwe kuonyesha kwa kidole mahali herufi yake ijayo itakapoangukia. Asiruhusiwe kuandika mpaka aonyeshe. Mimi huwafanyia hivyo kwa siku tatu mfululizo, nazungusha gurudumu, nawauliza, "Mlingoti uko wapi?" Siku ya kwanza wanakosea karibu wote. Siku ya tatu hakuna anayekosea. Na wanaotunza hesabu za vikundi, vya wavuvi, vya akina mama, vya misikiti, wasiingize peke yao. Mmoja asome risiti, mmoja aandike, anwani itajwe kwa sauti.

Kwa gazeti lako: mnapoandika habari za kompyuta, msitumie neno moja kwa vitu viwili. Mkisema kishale, kiwe cha kipanya. Kinachopepesa kipeni jina lake. Nimetoa la kwetu, mlingoti, na sisemi kwamba lazima lishinde. Ningependa kusikia wasomaji wa Pate, Siyu, Mambrui, Malindi, Vanga, hata Unguja na Tanga, watoto wao wanakiitaje. Niandikieni kupitia gazeti hili.

Mama wa mahamri amerudi chamani. Ijumaa iliyopita aliomba akae karibu na kijana wakati wa kuingiza hesabu. Kijana akasema "D kumi na nne", akasubiri. Mama akainama mpaka pua ikakaribia skrini, akatafuta ile anwani juu kushoto, akaisoma mwenyewe herufi kwa herufi, kisha akamwambia, "Haya, andika."

Mwalimu mstaafu wa taipu,
Langoni, Lamu